Uhalifu wa kupangwa ni nini, na kwa nini watu wanaulinganisha na siasa

Msimu wa korosho ukikaribia huku kwetu kusini hukosi kumsikia mtu kijiweni anasema "siasa na mafia ni kitu kimoja, wote wanatafuta madaraka tu". Nimeyasikia Newala, nimeyasikia stendi ya Masasi, juzi nikayasikia tena Lindi mjini kwa kijana muuza pweza, na kila mara watu wanatikisa kichwa kukubali halafu maongezi yanaishia hapo hapo. Mi naona tukiyaacha yaishie hapo tunajiumiza wenyewe, kwa hiyo ngoja nieleze haya maneno yana maana gani na wapi yanafanana kweli.

Mtu akivunja duka usiku akabeba redio huyo ni mwizi, hata wakiwa wawili bado ni wezi tu. Uhalifu wa kupangwa, ndo huo watu wanaouita mafia, unaanza pale watu wanapogawana kazi, kila mtu na kipande chake, wanaendelea hivyo kwa muda na lengo ni faida. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2000, ule unaoitwa wa Palermo kwa jina la mji wa Sicily uliposainiwa, unasema ni kundi la watu 3 au zaidi, limedumu kwa kipindi fulani, linafanya makosa makubwa kwa kushirikiana ili lipate fedha au mali. Kwetu Tanzania neno limo kabisa kwenye jina la sheria, ile ya uhujumu uchumi na uhalifu wa kupangwa ya 1984, na ndo humo linapotoka lile shtaka mnalolisikia redioni la kuongoza genge la uhalifu.

Chukua pembe za ndovu, maana Liwale imepakana na pori la akiba la Selous. Tembo wa Selous walikuwa zaidi ya laki moja miaka ya 1970, hesabu ya 2013 ikakuta wamebaki kama 13,000. Sasa yule kijana aliyeingia porini na bunduki anaweza peke yake kuifikisha pembe Asia? Kuna aliyempa bunduki na risasi, kuna aliyetoa hela ya chakula cha kukaa porini, kuna dereva, kuna stoo, kuna mtu wa makaratasi ya kontena, kuna aliyelipwa ili kontena lisifunguliwe, na mwisho wa mstari kuna mnunuzi ambaye tembo hajawahi hata kumwona. Yang Fenglan, yule aliyeitwa Malkia wa Pembe za Ndovu, alihukumiwa miaka 15 mwaka 2019 na shtaka mojawapo lilikuwa hilo la genge. Ukimkamata kijana wa bunduki peke yake umekamata kidole tu, mkono umekuponyoka.

Ila mfano unaotugusa zaidi sisi ni kangomba. Kwa wasio wa huku, kangomba ni kununua korosho za mkulima nje ya mfumo rasmi wa kuuzia, kwa kipimo kisicho rasmi na bei ya kutupa, na mara nyingine zinanunuliwa zikiwa bado maua juu ya mti. Mama ana mgonjwa, mtoto anadaiwa sare na michango, ni mwezi wa tano hakuna korosho hakuna hela, anakuja mtu na pikipiki anamwachia hela kidogo wanakubaliana magunia mangapi atachukua msimu ukifika. Huyo wa pikipiki peke yake simwiti genge, wengine ni majirani zetu na wao wanahangaika na maisha. Lakini zifuate hizo korosho uone zinakokwenda. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara msimu wa 2007/08 unataka korosho ziingie ghalani kupitia chama cha msingi cha ushirika kwa jina la mkulima, basi na za kangomba lazima zitafutiwe jina. Hapo anahitajika karani wa kuandika majina, mtunza ghala wa kupokea bila maswali, tajiri wa mjini mwenye mtaji, na mkubwa mmoja wa kuwafunika ikitokea kelele. Sasa hapo ndo limekuwa genge, maana ukimtoa mmoja wanaweka mwingine na kazi inaendelea. Mwaka 2018 serikali ilipozichukua korosho kwa kutumia jeshi kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilisema mwenye zaidi ya kilo 1,500 akaguliwe kwanza shamba lake, na sababu ilikuwa hiyo hiyo ya watu kuleta tani za korosho wakati hawana hata mkorosho mmoja. Japo na wakulima wa kweli nao waliumia sana kwa kusubiri malipo.

Tuje kwenye madaraka. Genge nalo linayataka, hapo watu wa kijiweni hawajakosea. Linayataka kama mtu anavyotaka ua wa kuzungushia nyumba, ili mali iliyomo ndani isiguswe. Kugombea ni gharama na ni kujianika, kwa hiyo mara nyingi linaona bora lipate mtu aliyekwisha kaa kwenye kiti awe na deni nalo. Siasa, kwa maana yake ya kawaida kabisa, ni watu wasiokubaliana kutafuta namna ya kuamua mambo yao ya pamoja hadharani, nani aamue, kodi iwe kiasi gani, hela iende wapi. Juni 2018 wabunge wa kusini waliwaka bungeni kuhusu ushuru wa kusafirisha korosho nje, kwa sababu sehemu iliyokuwa inarudi kuendeleza zao ilikuwa inaondolewa ziende zote mfuko mkuu wa serikali. Walishindwa, na iliuma, lakini tunajua nani alisema nini, na ukitaka leo unaweza kumuuliza.

Kufanana kupo, sitaki kuficha. Nenda Kilwa Kisiwani ukasimame pale kwenye magofu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na manowari zake akamlazimisha mtawala wa Kilwa amlipe mfalme wa Ureno kodi ya dhahabu kila mwaka, ukilipa mji wako unapona, usipolipa tunaupiga. Dhahabu hiyo ilipelekwa Lisbon ikatengenezewa chombo cha kanisani kilichokamilika 1506, na hadi leo kipo makumbusho kule. Hata chombo hakijakamilika, mwaka 1505, wakaja tena chini ya Francisco de Almeida wakauvamia mji, wakaupora, wakajenga ngome. Ni serikali hiyo, ina mfalme na bendera, lakini walichofanya Kilwa ni kazi ya genge kabisa, kumuuzia mtu ulinzi dhidi ya wewe mwenyewe. Kwa hiyo bendera peke yake haitoshi kutofautisha. Mi kinachonitofautishia ni kama anayetoa hela anaweza kuuliza imeenda wapi, na akishaona jibu baya anaweza kumtoa aliyeipokea bila kumwaga damu. Kilwa hawakuweza hata moja.

Na kinyume chake kipo, mhalifu kuingia siasa mwenyewe. Pablo Escobar alichaguliwa 1982 kuwa mbunge wa akiba Colombia, akitafuta heshima na kinga. Waziri wa sheria Rodrigo Lara Bonilla akasimama akaeleza wazi hela yake inatoka wapi, Escobar akapoteza nafasi yake, na Aprili 1984 waziri akauawa kwa risasi. Siasa ilimwanika na yeye akajibu kwa njia aliyoizoea.

Sehemu ya kuogopa kwangu ni pale katikati, wanapokutana. Wanakutana kwenye gharama za kampeni. Mgombea anahitaji mafuta ya magari, spika, fulana, kanga, hela ya mawakala, na kuna mtu anajitolea kulipa yote hayo na hasemi anataka nini. Bongo tulishawahi kuwa na sheria iliyoruhusu takrima, ilipitishwa 2000, mgombea aweze kukarimu wapiga kura, na Mahakama Kuu ikaifuta 2006 ikisema inakwenda kinyume na katiba, baadaye 2010 ikaja sheria ya gharama za uchaguzi. Mtu akipokea kanga na sukari anadhani amepata cha bure, kumbe kuna mwenye kuitoa hiyo hela na yeye atakuja kudai, na hatadai kwako, atadai kwa huyo uliyemchagua, na malipo yatakuwa kibali, au tenda, au gari lisisimamishwe kizuizini usiku.

Kuna upande mwingine pia wa kuangalia, kwamba neno genge lenyewe linaweza kutumika vibaya na wenye nguvu. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alishtakiwa 2019 kwa makosa kadhaa na hilo la genge likiwemo, baadaye shtaka hilo likaondolewa, akatoka Februari 2020 baada ya makubaliano na waendesha mashtaka. Kwa hiyo ukisikia mtu anaitwa kiongozi wa genge rudi kwenye maana, uliza wenzake ni kina nani, kazi waligawanaje, faida ilikwenda wapi.

Ndo maana yale maneno ya kijiweni yananiuma. Ukishaamini wote ni mafia unaacha kuuliza, na kutoulizwa ndicho anachokitaka mwenye genge. Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walikataa kuuza korosho mnadani kwa sababu bei zilizosomwa zilikuwa ndogo, walikataa mchana, mbele ya wanunuzi, wakarudi nyumbani. Jaribu kumkatalia hivyo aliyekukopesha kwa kangomba.

Nilikaa kwenye mkutano mkuu wa chama kimoja cha msingi, kijiji sikitaji. Katibu akasoma makato haraka haraka, ushuru wa chama, usafirishaji, magunia, unyaufu, akafika mwisho akasema kama hakuna swali tuendelee. Bi mkubwa mmoja akasimama, ana stakabadhi yake kaifunga kwenye pindo la kanga, akaifungua taratibu akasema mwanangu, hapa kwangu umekata magunia mara mbili, na gunia nilikuja nalo mwenyewe. Katibu akasema mama tutaangalia ofisini. Akasema hapana, angalia hapa. Wengine wakaanza kutoa zao mifukoni wakawa wanalinganisha, mwenyekiti akajaribu kupeleka ajenda mbele watu wakakataa, mpaka ikabidi katibu apande pikipiki kwenda kulifuata daftari nyumbani kwake, na watu zaidi ya mia wakakaa chini ya mwembe kumsubiri.