Kuchemsha Tena Asubuhi Hakufuti Makosa ya Usiku

Wazazi ninaowashauri kuhusu mpango wa mlo wa familia hukubaliana nami upesi juu ya jambo la kwanza: nyumba ambayo watu wazima wote hutoka alfajiri na kurejea giza limeingia haiwezi kupika kila kitu upya kila siku, hivyo ni lazima baadhi ya vyakula vipikwe kwa mkupuo mmoja vitoshe siku tatu au nne. Tunahesabu pamoja maharage, mkaa na gesi, na mambo huenda vizuri mpaka ninapouliza sufuria hulala wapi. Jibu huwa ni lile lile, na hutolewa kwa utulivu wa mtu asiye na shaka: sufuria hulala juu ya jiko lililozimwa, imefunikwa vizuri, na asubuhi huchemshwa tena mpaka itokote, kwa hiyo vijidudu vyote hufa. Nimelisikia kwa walimu, kwa wauguzi, na hata kwa watu waliosomea upishi. Uvumilivu wangu umefika mwisho, na ndiyo maana naandika.

Kuchemsha huua bakteria walio hai na wanaozaliana. Hakuui spora zote, yaani maumbo magumu kama mbegu ambayo baadhi ya bakteria hujigeuza ili wanusurike, na hakuvunji kila sumu ambayo bakteria wamekwisha kuiacha ndani ya chakula. Hayo ni mambo mawili tofauti, na anayeyachanganya ndiye anayeamini kwamba moto wa asubuhi husafisha yaliyotokea usiku. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huishi udongoni, hivyo huingia jikoni pamoja na mchele, nafaka na viungo, hata vikioshwa kwa uangalifu mkubwa. Akipikwa hubaki katika hali ya spora, ambayo hustahimili mtokoto wa kawaida. Sufuria ikiepuliwa na chakula kikaanza kuwa vuguvugu, spora hizo huchipua na kuzaliana bila mpinzani, kwa kuwa bakteria wengine waliokuwamo wamekwisha kufa kwa moto. Baadhi ya aina zake hutengeneza sumu ya sereulidi, inayosababisha kutapika, na sumu hiyo hustahimili hata nyuzi joto 121 za Selsiasi kwa zaidi ya saa moja. Sufuria yako ya asubuhi haifiki huko. Maji hutokota kwenye nyuzi 100 na hayaendi zaidi, hata ukichochea kuni namna gani.

Mwaka 2008 huko Brussels, Ubelgiji, mwanafunzi wa miaka 20 alikula tambi za mchuzi wa nyanya zilizokuwa zimekaa jikoni siku tano bila friji. Alizipasha moto kwanza. Aliona ladha yake si ya kawaida, akadhani ni mchuzi mpya wa nyanya aliotumia, na alifariki dunia kabla ya mapambazuko. Madaktari waliandika kisa hicho katika jarida la kitabibu mwaka 2011. Kisa cha namna hiyo ni nadra mno, na siku tano si usiku mmoja; wengi wanaopatwa na sumu hii hutapika, huumwa tumbo, kisha hupona ndani ya siku moja. Ninakitaja kwa sababu kinaonyesha waziwazi kile ninachobishiwa kila mara: kupasha moto kulifanyika, na hakukusaidia.

Sasa niwe mwadilifu, kwa sababu upande wa pili nao una ukweli wake. Yuko bakteria mwingine, Clostridium perfringens, apendaye masufuria makubwa ya nyama, supu na maharage, ambaye katika uvuguvugu wa nyuzi 43 hadi 47 idadi yake huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika kumi hivi. Huyu hutengeneza sumu yake ndani ya utumbo wa mlaji, baada ya kumezwa akiwa hai na akiwa wengi mno. Dhidi yake, kuchemsha tena kwa dhati, mpaka katikati ya sufuria kutokote na si kingoni tu, husaidia sana. Kwa hiyo sisemi kwamba kupasha moto hakuna faida, na asiyepasha kabisa anakosea zaidi. Ninachokataa ni kukichukulia kitendo hicho kuwa ruhusa ya kuacha chakula kilale popote. Yuko pia Staphylococcus aureus, atokaye puani na kwenye vidonda vya mikononi, ambaye sumu yake vilevile haivunjwi na mtokoto; ndiye sababu ya mimi kukemea kuonja kwa mwiko na kuurudisha sufuriani.

Kigezo cha pua nacho hakitoshi. Chakula kinachochacha hunuka na kuwa kikali kwa sababu ya bakteria wengine kabisa, ambao mara nyingi huleta asidi, na asidi huwazuia wabaya. Togwa na maziwa mgando ni vyakula vilivyochachuka vinavyoliwa vizazi na vizazi. Wali uliolala jikoni unaweza usiwe na harufu yoyote na bado ukawa na sumu, hivyo kauli kwamba kiporo hakijachacha haijibu swali linaloulizwa.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni lile la bibi. Huambiwa kwamba bibi zetu hawakuwa na friji, walichemshia mchuzi usiku kabla ya kulala ili usichache, wakauchemsha tena asubuhi, na tumekua. Ni kweli, na sioni sababu ya kuidharau desturi hiyo, maana ilikuwa na elimu ndani yake. Kuchemshia usiku na kuacha sufuria imefunikwa bila kufunuliwa tena hupunguza bakteria wapya wanaoingia na hufupisha muda wa hatari. Sufuria zilikuwa na chakula kidogo kilichobaki baada ya watu wengi kula, kikapoa haraka, na kikaliwa asubuhi mapema kama kifungua kinywa. Michuzi mingi ya pwani ilikuwa na ukwaju, ndimu au embe bichi. Kilichobadilika ni kwamba sisi tunapika makusudi sufuria kubwa ya siku nne, tunaweka tui ndani yake, tunaiacha kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, kisha tunasema tunafuata desturi ya bibi. Bibi hakupika kiporo, kiporo kilimbakia.

Hapa kuna shaka ambayo vitabu vya mafunzo havipendi kuiandika. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili, kihifadhiwe kwenye ubaridi ulio chini ya nyuzi 5, na kinachosubiri kuliwa kiwe na moto uzidio nyuzi 60. Mimi hulifundisha agizo hilo jinsi lilivyo kwa sababu watu wanahitaji tarakimu ya kushika. Hata hivyo, joto la kawaida la Njombe usiku wa Julai, ambalo huweza kushuka chini ya nyuzi 10, si joto la kawaida la Tanga mwezi Februari, na sioni jinsi saa mbili zinavyoweza kuwa na maana ileile katika miji hiyo miwili. Wala dakika ya mia na ishirini na moja haigeuzi wali kuwa sumu. Hatari hupanda kwa hatua, na wengi waliokula wali wa jana hawakuugua kwa sababu bakteria hawakufikia idadi ya kudhuru. Ninaamini ni afadhali kulisema hili kuliko kumtisha mtu kwa tarakimu ambayo atagundua jioni ileile kwamba ameivunja bila kudhurika, kisha asiniamini tena katika jambo lolote.

Kazi halisi, basi, ni kupoza, na hakuna ratiba ya mlo niliyowahi kuonyeshwa iliyo na mstari wa kupoza. Sufuria ya lita kumi iliyojaa maharage mazito hubaki vuguvugu katikati kwa saa nyingi, hata kama ukingo wake umepoa, kwa sababu chakula chenyewe hujifunika kama blanketi. Kina ndicho kinachoamua: ukikipunguza kwa nusu, muda wa kupoa wa chakula kizito hupungua mpaka karibu robo. Kwa sababu hiyo ninashauri kugawanya chakula mara tu kinapoepuliwa, katika sinia au mabakuli mapana ya chuma, kisizidi kina cha vidole vitatu. Njia nyingine ni kuketisha sufuria ndani ya beseni la maji baridi, kukoroga kwa mwiko safi, na kubadilisha maji yanapopata joto. Maharage yakipozwa hivyo huwa tayari kuingia kwenye friji kabla hujamaliza kuosha vyombo.

Na hapa ndipo penye imani nyingine inayolindwa kwa ukali, kwamba chakula kisiingie kwenye friji mpaka kipoe kabisa kama maji ya mtungi. Chanzo chake kinaeleweka: sufuria kubwa ya moto hupandisha joto la maziwa na nyama vilivyo pembeni yake, na friji ndogo hulazimika kufanya kazi mno. Lakini kipoe kabisa, katika nyumba ya Dar es Salaam yenye nyuzi 28, maana yake ni kukisubiri kifike kwenye joto lenyewe linalowafaa bakteria na kukiacha humo. Chakula kilichogawanywa katika vyombo vidogo, ambacho ukigusa chombo mkono hauungui, kiingie. Kifuniko kiachwe wazi kidogo mpaka kipate ubaridi, kisha kifungwe. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe. Friji iliyofungwa hudumu na ubaridi wa kutosha kwa takribani saa nne, na friza iliyojaa kwa takribani siku mbili.

Kuhusu mpango wenyewe wa wiki nitapita haraka. Pika vitu visivyokamilika. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe mpaka yaive, yagawanywe pamoja na supu yake, na yasiungwe. Kuunga kwa vitunguu, nyanya na tui kufanyike siku ya kula, na ni kazi ya robo saa. Tui likitiwa mapema ndilo linaloharibu sufuria nzima, tena nyanya zikitangulia maharage hayajaiva, asidi yake huyachelewesha kulainika. Ya siku tatu yawe kwenye friji, yanayobaki yaende kwenye friza. Nyama nayo ichemshwe na kuhifadhiwa hivyohivyo. Wali uondoke kabisa katika orodha ya vyakula vya kupikia wiki, kwa sababu haukawii kuiva. Uliobaki uliwe ndani ya siku moja baada ya kupozwa na kuwekwa kwenye friji, na upashwe mara moja tu. Ugali sitauzungumzia, kwani hakuna mwenye haja ya ugali wa juzi.

Onyo moja kwa wanaotumia kapu la kupikia, lile linalohifadhi joto ili sufuria imalizie kuiva bila moto, au vyombo vya umeme vinavyopika polepole: maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini, inayosababisha kutapika vibaya, na moto usiofika kwenye mtokoto hauiondoi. Yatokote kwa nguvu dakika zisizopungua kumi, yakiwa yamekwisha kulowekwa, ndipo yaingie kwenye kapu.

Linalonisumbua zaidi kuliko hayo yote ni hotpoti ya mwanafunzi. Wali wenye maharage hupakuliwa saa kumi na moja alfajiri, mara nyingi ni kiporo kilichopashwa nusu, huwekwa kwenye chombo ambacho hakikupashwa moto, huwa nusu ya ujazo wake, na huliwa saa saba mchana. Mzazi hudhani hotpoti inalinda chakula kwa sababu kimebaki vuguvugu. Uvuguvugu huo ndio hatari yenyewe, maana kingekuwa cha moto kweli au cha baridi kweli kingekuwa salama zaidi. Anayetaka kutumia hotpoti aimiminie maji yanayotokota, aifunge dakika kumi, ayamwage, kisha aijaze mpaka juu chakula kilichotoka kupikwa au kilichotokota upya. Mtoto akifungua saa saba, mvuke utoke. Usipotoka, basi kesho yake apelekewe chapati kavu, karanga na ndizi mbivu, vitu ambavyo havihitaji moto wala ubaridi mpaka saa saba.

Familia isiyo na friji haina sababu ya kufuata mpango wa siku nne, na ninakataa kuwapa. Wao nawashauri wahifadhi kazi badala ya chakula kilichoiva: maharage yachaguliwe na kulowekwa, karanga zikaangwe na kusagwa, dagaa wakaangwe mpaka wakauke, mboga zikaushwe kivulini, na jioni sufuria iwe ya mlo mmoja tu. Kikibaki kitu, kichemshwe kabla ya kulala na kiliwe alfajiri, kama walivyofanya bibi. Lakini chakula chenye nyama au tui kilicholala bila friji katika joto la pwani asipewe mtoto aliye chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee wala mgonjwa, hata kikichemshwa asubuhi kwa saa nzima.