Mafuta ya Gari la Polisi: Je, Kaunti Inaweza Kuyalipia?

Katika vikao vya wadi vya kujadili bajeti jijini Nairobi, ambavyo taasisi yetu hualikwa kueleza taratibu za fedha za umma, kuna ombi ambalo halikosi kutolewa: wakazi wanataka kaunti iwasaidie polisi wa mtaa wao. Sababu zao hazina siasa ndani yake. Mtu amevunjiwa duka usiku, amekwenda kupiga ripoti, ameandikishwa katika OB, daftari la matukio la kituo, na kupewa nambari, kisha anaambiwa kwa upole kwamba gari lipo lakini halina mafuta. Mwenye shilingi elfu mbili mfukoni huondoka na askari wawili. Asiyekuwa nazo hungoja kupambazuke. Yeyote aliyewahi kutumwa dukani kununua karatasi za kuandikia taarifa yake mwenyewe anaelewa kwa nini ombi hilo hurudi kila mwaka.

Jibu letu la kwanza huwavunja moyo wengi, kwa sababu ni jibu la Katiba. Ibara ya 243 inaunda Huduma ya Taifa ya Polisi, na Jedwali la Nne linaziweka huduma za polisi katika majukumu ya serikali ya kitaifa. Gavana haajiri konstebo, hamhamishi OCS (mkuu wa kituo cha polisi), wala hana fungu la polisi katika vitabu vyake. Askari wa kaunti, ambao mjini tunawaita kanjo, husimamia sheria ndogo za kaunti kama vile za maegesho na uchuuzi. Hawapelelezi wizi wala mauaji. Kwa hiyo mwakilishi wadi anayeahidi jukwaani kwamba ataongeza polisi kwa bajeti ya kaunti anaahidi kisicho chake.

Tuifuate pesa yenyewe. Bunge la Taifa hupitisha makadirio ya polisi, Msimamizi wa Bajeti huidhinisha fedha zitolewe, kisha makao makuu ya polisi pale Jogoo House huzigawa na kuteremsha idhini za matumizi kwa makamanda walio chini. OCS, ambaye ndiye anayetazamana uso kwa uso na mwenye duka lililovunjwa, kwa desturi yuko mwisho kabisa wa safari hiyo, na kinachomfikia aghalabu ni vitu badala ya pesa: mgao wa mafuta, vitabu, fomu. Hazina inapochelewa, au makao makuu yanapokuwa na dharura kubwa zaidi, vituo vidogo ndivyo vinavyopunguziwa kwanza, kwa kuwa maandamano katikati ya jiji huonekana na kila mtu ilhali wizi wa mitungi ya gesi uchochoroni hauonekani.

Tulikaa asubuhi moja katika kituo kidogo cha aina hiyo upande wa Eastlands. Ofisi ni kontena lililotobolewa madirisha mawili. Umeme unavutwa kwa waya kutoka kibanda cha kinyozi jirani, na kinyozi huyo hadai chochote, ingawa askari wanajua vizuri kwamba siku moja huenda akahitaji kitu. Gari lilikuwa limeegeshwa kivulini, magurudumu yote yana upepo, mshale wa mafuta umelala. Karani wa OB alikuwa na daftari jingine dogo chini ya meza, ambalo alitufungulia bila kificho: majina ya wafanyabiashara, tarehe, na lita walizochanga. Lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko safi kuliko OB yenyewe.

Daftari hilo ndilo kiini cha jambo. Watu hudhani shida ya kituo maskini ni majengo na magari, na ndiyo maana wanasiasa hupenda kufungua vituo vipya. Jengo hufunguliwa mara moja, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Gharama inayoua kituo ni ile isiyopigwa picha. Tuchukue hesabu ya mfano tu. Gari linalotembea kilomita 80 kwa siku na kula lita moja kila kilomita 8 linahitaji lita 10 kwa siku, yaani lita 300 kwa mwezi. Tukikadiria dizeli kwa shilingi 170 kwa lita, hiyo ni shilingi 51,000 kwa mwezi na shilingi 612,000 kwa mwaka, kwa gari moja linalozungusha doria ya wastani. Tangu mwaka 2013 magari mengi ya polisi yamekuwa ya kukodi kutoka kampuni za binafsi, mpango ambao ulipunguza mzigo wa matengenezo, lakini gari la kukodi nalo hunywa mafuta. Anayetoa zawadi ya gari bila kutoa mafuta ya kuliendesha amekiongezea kituo deni.

Baadhi ya wakazi hutuuliza kwa nini tusifanye kama Marekani, ambako kila mji una polisi wake. Swali ni la haki, na jibu lake lina mafunzo. Nchi hiyo ina vyombo vya kusimamia sheria takriban 18,000, na karibu nusu ya idara za polisi za mitaa zina maafisa wasiofika 10. Idara hizo huishi kwa kodi za mji wenyewe, hasa kodi ya ardhi na majengo na kodi ya mauzo. Kiwanda kikifungwa, polisi nao huyumba. Mji wa Camden, katika jimbo la New Jersey, uliwaachisha kazi karibu nusu ya polisi wake Januari 2011 kwa kukosa fedha, na mwaka 2013 idara ya mji ikavunjwa kabisa, nafasi yake ikachukuliwa na polisi wa kaunti. Mji wa Compton, huko California, ulikuwa umeshafunga idara yake mwaka 2000 na kuingia mkataba na sherifu wa kaunti ya Los Angeles. Serikali kuu ya huko ina ruzuku iliyoanza na sheria ya mwaka 1994, ambayo hulipa hadi asilimia 75 ya mshahara wa afisa mpya kwa miaka mitatu. Baada ya hapo mji hujibebea mzigo wote, na mji uliokuwa maskini mwaka wa kwanza mara nyingi ni maskini bado mwaka wa nne.

Kuna tukio jingine la huko ambalo mimi hulirudia katika kila mafunzo. Machi 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani ilichapisha uchunguzi wake kuhusu Ferguson, mji mdogo katika jimbo la Missouri, na kuonyesha kwamba wakuu wa mji walikuwa wakiwasukuma polisi watoze faini zaidi ili kuziba mapengo ya bajeti. Polisi akawa mkusanya mapato, na waliobanwa zaidi walikuwa wakazi Weusi. Mkazi wa Nairobi ambaye bodaboda yake imewahi kukamatwa mwisho wa mwezi hahitaji kuelezwa zaidi. Chombo cha dola kinapolazimika kujitafutia riziki, kitaitafuta kwa aliye karibu na asiye na mtetezi.

Je, basi kaunti ikae ikitazama? La. Ibara ya 187 ya Katiba inaruhusu ngazi moja ya serikali kuihamishia nyingine jukumu kwa makubaliano, mradi fedha za kulitekeleza zifuatane nalo na wajibu wa kikatiba ubaki kwa mwenye jukumu. Nairobi inaijua njia hiyo kwa upande wa pili: Februari 2020 kaunti yetu ilihamisha baadhi ya majukumu yake kwa serikali ya kitaifa, na likazaliwa shirika la NMS (Nairobi Metropolitan Services) la kuyaendesha. Vilevile ngazi mbili zinaweza kutia saini makubaliano ya ushirikiano chini ya Sheria ya Mahusiano baina ya Serikali ya mwaka 2012, yakitaja kitu gani kinatolewa, kitakuwa mali ya nani, na nani atakilipia mwaka unaofuata. Bila karatasi hiyo, hata nia njema hugeuka hoja ya ukaguzi. Tuliona mfano wake Januari 2025, pale Msimamizi wa Bajeti alipoziandikia kaunti kwamba zisiendelee kutoa basari kwa majukumu ya elimu yaliyo ya serikali ya kitaifa pasipo makubaliano. Wazazi wakashikwa na wasiwasi, magavana wakalalamika, na suala likaishia mahakamani. Mafuta ya polisi yangekumbana na swali lilelile.

Makubaliano yakiwepo, ushauri wetu ni kaunti itoe vitu na huduma zenye kiwango kinachoandikika, isitoe pesa taslimu. Ardhi ya kituo, maji, barabara ya kufikia lango, au mafuta kupitia kadi yenye kikomo cha lita ni vitu ambavyo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anaweza kuvihesabu. Tena mkataba utamke wazi kwamba mtoaji hapati sauti katika upelelezi. Ibara ya 245 inakataza mtu yeyote kumpa Inspekta Jenerali, mkuu wa polisi nchini, maagizo kuhusu uchunguzi wa kosa fulani au kuhusu nani akamatwe, na itakuwa ajabu kama kinachokatazwa kwa waziri kitapenyezwa na gavana kwa mlango wa mtungi wa dizeli.

Fedha za maeneobunge, NG-CDF, zimekuwa mlango mwingine, na vituo vingi vya polisi na ofisi za machifu zimejengwa kwazo kwa kuwa usalama ni jukumu la kitaifa. Hata hivyo, Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya mfuko huo inakiuka Katiba, ikauruhusu kuendelea hadi tarehe 30 Juni 2026 tu, na uamuzi huo ukakatiwa rufaa. Kituo kisipangiwe maisha yake juu ya mfuko mmoja.

Turudi kwenye daftari lililo chini ya meza. Sisemi wale wafanyabiashara wanahonga. Wengi wanachanga kwa sababu wanalala dukani kwa hofu. Lakini mkono mtupu haulambwi, na askari ni binadamu. Siku mchuuzi asiyechangia atakapogombana na mwenye duka la jumla aliyechangia lita 40, OB itaandikwa na mtu anayeyajua madaftari yote mawili. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 ilikwishaona mbali katika hili: iliweka Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, inayoongozwa na gavana au waziri wake wa kaunti, ikiwa na wawakilishi wa bunge la kaunti, wakuu wa usalama na raia wa kawaida, na miongoni mwa kazi zake ni kuangalia bajeti ya polisi katika kaunti. Kwa bahati mbaya, katika kaunti nyingi mamlaka haya yamesuasua kuanza. Laiti yangefanya kazi, mchango wa mafuta ungesomwa hadharani katika kikao, na aliyechangia angepewa risiti badala ya kukumbukwa.

Anayetaka kulisukuma jambo hili azingatie kalenda. Mkakati wa fedha wa kaunti huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio yenyewe kufikia tarehe 30 Aprili. Ombi linalotolewa Mei huwa limekuta sufuria imeshaepuliwa. Katika kikao kimoja mwaka huu, mama mmoja mwenye duka la M-Pesa alisimama akitaka wadi inunuliwe gari la polisi. Tulipomaliza kueleza haya yote alikaa kimya kidogo, akauliza kama mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu, iliyo kati ya steji na soko ni ya kaunti au ya serikali kuu. Ni ya kaunti, tukamwambia. Taa za barabarani zimo katika orodha yake. Akasema imezimika tangu Novemba, na kwamba wanaovunjiwa ni wale wa upande huo wa giza. Ombi lake liliandikwa hapo hapo chini ya fungu la taa, mahali ambapo hapahitajiki makubaliano yoyote wala saini kutoka Jogoo House.