Anayeomba nauli na anayeomba safari

Msimu wa maombi ya ufadhili wa waandishi wa habari za tabianchi ukifika, napitia rundo la barua zinazoanza karibu vilevile: mwombaji ana shauku kubwa na mazingira. Simlaumu, ila shauku haina mahali wala mhusika. Anayenifanya nivute kiti ni yule anayesema kwao mgodi wa makaa unafungwa, wachimbaji wameahidiwa kazi kwenye umeme wa jua, naye anataka kufika Bottrop, ulikofungwa mgodi wa mwisho wa makaa magumu wa Ujerumani Desemba 2018, akaone ahadi kama hiyo iliishia wapi. Huyo habari anayo tayari. Kwetu anaomba nauli tu.

Ufadhili wenyewe haufanani. Arthur F. Burns, ulioanza 1988 kati ya Marekani na Ujerumani, si wa tabianchi pekee, lakini unakuweka takriban miezi miwili katika chumba cha habari cha wenyeji. Earth Journalism Network, mtandao wa waandishi wa habari za mazingira, kupitia mpango wa Climate Change Media Partnership, imekuwa ikipeleka waandishi wa nchi zinazoendelea kwenye COP, mikutano ya Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, tangu 2007. Mafunzo ya miezi sita ya Oxford Climate Journalism Network yalikuwa yakifanyika mtandaoni, bila kupanda ndege.

Mimi nina upendeleo, na sifichi: chumba cha habari cha wenyeji kwanza. COP ni shule nzuri ya kukimbiza wajumbe kwenye korido, ila pale hakuna mwenye muda wa kukukata kalamu, yaani kukusahihisha ulichoandika.

Mimi nilikatwa kalamu wiki ya kwanza ya ufadhili wangu. Niliandika kwamba mtambo wa jua wa megawati 100 "utazalisha megawati 100 kwa mwaka". Mhariri mwenyeji akaizungushia wino, akaniuliza kama spidi ya gari ndiyo umbali lililosafiri. Megawati ni uwezo wa mtambo kwa wakati mmoja. Kinachozalishwa hupimwa kwa megawati-saa. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo mtambo ule ungefanya kazi bila kupumzika ungetoa megawati-saa 876,000. Jua nalo huzama, na mawingu yapo. Ukifikia asilimia 20 ya uwezo wake, unapata 175,200. Tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe, na nilikuwa nimeiruka. Siku chache baadaye nikachanganya tani ya kaboni na tani ya kaboni dayoksaidi, ambazo zinapishana kwa karibu mara 3.67. Hapo hakuniuliza kitu, alinisogezea kikokotoo.

Jambo moja waombaji wengi hulipuuza: barua ya mhariri wao. Nyingi ni sifa tupu. Ninayoitaka inasema nani atashika dawati kwa miezi hiyo, na habari zitakazoletwa zitatoka ukurasa gani, lini. Msimu uliopita nilisoma moja ya mistari minne tu iliyotaja hayo yote, hata jina la mwandishi wa zamu. Niliiweka juu ya rundo kabla sijafungua maombi yenyewe.