Gaius au Caius? Tunavyolikosea jina la Kaisari

Muulize mtu jina la kwanza la Julius Caesar, yule mtawala wa Roma ya kale tunayemwita Kaisari, atajibu bila kusita: Julius. Sivyo. Jina alilopewa utotoni ni Gaius. Julius ni la ukoo, na Caesar ni la mlango wake ndani ya ukoo huo. Ndiyo maana dada zake wawili waliitwa Julia wote, shangazi yake Julia, na binti yake Julia tena: mwanamke wa Kirumi alibeba jina la ukoo wa baba likiwa na mwisho wa kike.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni la herufi. Kwenye maandishi ya mawe ya Kirumi jina Gaius hufupishwa C., basi watu husema lilikuwa Caius, au kwamba Caius na Gaius ni majina mawili. Ni moja, na lilitamkwa kwa G. Hapo kale Warumi hawakuwa na herufi G; C ilibeba sauti zote mbili, ya k na ya g. G ilipoingia karne ya 3 KK, kifupisho kilikwisha zoeleka, kikaachwa kilivyo. Gnaeus, jina jingine la Kirumi, nalo likabaki Cn. hadi leo. Kinachonifurahisha mimi ni C iliyogeuzwa ikatazama nyuma, Ɔ: hiyo husomwa Gaia, yaani mwanamke.

Wengine wakiona “Gai” hudhani ni mtu mwingine. Ni yule yule, ila anaitwa. Sisi husema Juma anakuja, namwona Juma, nampa Juma, na jina halitikisiki. Kilatini hubadili mkia: Gaius anakuja, namwona Gaium, nampa Gaio, na ukimwita, Gai! Gayo wa Biblia yetu ni jina hilo hilo, lililopitia Kigiriki.

Maana yake je? Wapo Warumi waliolihusisha na gaudium, furaha ya wazazi. Ni tafsiri ya kubuni baadaye. Asili yake haijathibitishwa.

Lile dai kwamba Kaisari alizaliwa kwa upasuaji nalo halisimami: zama hizo mama hakupona kisu, na Aurelia, mamake, alifariki mwaka 54 KK, mwanawe akiwa keshateka sehemu kubwa ya Galia, nchi ambayo leo ni Ufaransa na jirani zake.

Na anayetamka Caesar “Siza”, kama Waingereza, akidhani ndicho Kilatini, afungue Biblia ya Kiswahili. Kaisari iko karibu zaidi na walivyotamka wenyewe.