Risasi ya treisa ni nini?

Ukikaa barazani Lamu usiku wa giza, mtoto akaona mstari wa moto ukikata anga, atakwambia, "Babu, kimondo kile!" Na huwa ni kimondo kweli. Treisa inafanana nacho: ni risasi inayoruka na mkia wa moto, ili jicho liweze kuifuata.

Risasi nzima ina ganda la shaba, fataki kitakoni mwake (kiwashio kidogo kinachowasha baruti), baruti ndani, na kichwa ndicho kinachoruka. Treisa inatofautiana na nyingine kwenye kichwa tu. Nyuma yake mna tundu lililoshindiliwa unga unaowaka. Baruti ikishika, moto wake unaukamata unga huo, nacho kichwa kinatoka mtutuni kikiwaka kwa nyuma. Kinang'aa sekunde chache, kisha kinazima. Waingereza ndio waliotangulia kuwapa askari wao treisa, mwaka 1915, kwa risasi zao za .303, yaani za kipenyo cha inchi 0.303. Katika mkanda wa bombomu, desturi ni treisa moja kwa kila risasi tano. Mpigaji anaona mkondo wa risasi zake na kuurekebisha. Aliye upande wa pili naye anauona, na anajua umetokea wapi.

Rangi inatokana na chumvi za madini. Strontiamu inatoa mwekundu, unaopendwa na majeshi ya NATO. Bariamu inatoa kijani, cha risasi za Kirusi na Kichina. Nahodha anayeweka fataki ya dharura ndani ya jahazi anaujua wekundu huo huo, maana nayo hutengenezwa kwa strontiamu. Rangi iliyopakwa kwenye ncha ya risasi ni habari nyingine kabisa, na hapo wengi hukosea. Ncha ya kijani kwenye risasi ya Kirusi aghalabu ni treisa, lakini risasi ya Marekani iitwayo M855 ina ncha ya kijani na haiwaki hata kidogo. Treisa yake, M856, ina ncha ya rangi ya chungwa.

Marekani wapo wanaojaza risasi wenyewe nyumbani: ganda lililotumika linatiwa fataki mpya, baruti iliyopimwa, kisha kichwa. Hata wao vichwa vya treisa hununua vikiwa tayari, na kuushindilia ule unga wanawaachia wenye viwanda, kwa kuwa huweza kuwaka kwa msuguano au cheche. Tena treisa si nakala ya risasi ya kawaida. Unga ni mwepesi kuliko madini ya risasi, na unazidi kupungua njiani, basi kichwa hakifuati njia ile ile hadi mwisho. Viwanja vingi vya shabaha vinaikataza kwa ajili ya moto nyasini. Sisi wa mapaa ya makuti hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kenya, sheria ya silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kumiliki wala kutengeneza risasi bila idhini. Basi ukikuta moja ufukweni au shambani, iwe imepakwa rangi au imeota kutu, usiigonge wala usiitie mfukoni. Weka alama mahali pale, watoto wasisogee, na uite polisi.