Sensa ya presha ya oili: vidole kwanza, spana baadaye

Wiki jana dereva wa Probox anayebeba abiria kati ya Marafa na hapa Malindi aliniletea gari, sensa mpya ameshaishika mkononi. "Fundi, nifungie hii tu nirudi kazini. Nikisimama stejini ile birika nyekundu inapepesa, nikikanyaga mafuta inazima. Nimeambiwa ni sensa." Nikamwambia, "Ndugu yangu, nipe nusu saa kwanza. Pengine ni sensa kweli, na pengine hiyo taa inakuambia ukweli."

Alama ile ya birika kwenye dashibodi inasimamia damu ya injini, yaani oili. Pampu inavuta oili kutoka sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, inaisukuma kwenye filta, kisha kwenye beringi za krenki, ile shafti kuu ya injini, na huko juu kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu. Injini ikiwa moto oili huwa nyepesi, na ikiwa inanguruma taratibu bila kukanyagwa, pampu nayo inazunguka polepole. Hapo ndipo presha inakuwa chini kabisa. Kwa hiyo taa inayopepesa stejini baada ya safari ndefu yaweza kuwa sensa mbovu, au beringi zimelika, au pampu imechoka, au oili yenyewe imepungua. Dalili ni moja, gharama haziko karibu hata kidogo.

Tena kwenye Toyota nyingi tunazoendesha huku, kile tunachokiita sensa ni swichi tu. Ina waya mmoja. Presha ikishuka karibu na bar 0.3, yaani kama psi 4, vyuma vya ndani vinagusana, umeme unapita kwenye bodi ya injini, taa inawaka. Presha ikipanda juu ya hapo kidogo tu, taa inazima. Taa kuzima haina maana kwamba presha inatosha gari lililojaa abiria linalopanda mlima.

Basi nikachomoa waya wa swichi, ufunguo umewashwa, injini imezimwa. Taa ikazima. Nikaugusisha waya kwenye chuma cha injini, taa ikawaka. Waya ni mzima. Kama taa ingebaki inawaka na waya umechomolewa, basi waya umechubuka mahali na unagusa bodi, na hata ungefunga sensa kumi usingepona. Halafu nikatazama ndani ya soketi ya waya nikakuta oili. Hiyo ni dalili nzito: swichi inavuja kwa ndani, oili inapenya hadi kwenye teminali.

Lakini sikuishia hapo. Nilisubiri injini ipoe, nikafungua swichi, nikafunga geji ya mkono kwenye tundu lile lile, kisha nikaiwasha na kuiacha hadi feni ikawaka na kuzima mara mbili. Ikinguruma taratibu, geji ilisoma psi 12 na mshale umetulia. Kwenye mizunguko 3000 kwa dakika ikafika psi 45. Kipimo cha haraka tunachotumia mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1000, ingawa kitabu cha injini husika ndicho chenye neno la mwisho. Injini ilikuwa nzima. Swichi ndiyo iliyokuwa ikisema uongo.

Sasa kufunga. Nasema kila siku kwa vijana wangu: injini iwe baridi. Oili iliyotoka kuzunguka inaunguza kama mafuta ya kukaangia, na mara nyingi swichi iko jirani na ekzosi. Ondoa teminali hasi ya betri. Kama lazima uingie chini, gari likae kwenye stendi, magurudumu yazuiwe, hendibreki ivutwe. Jeki peke yake ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Futa uchafu pande zote za swichi kabla hujailegeza, maana mchanga utakaodondoka kwenye tundu lile unaingia moja kwa moja kwenye njia ya oili. Oili itadondoka kidogo, weka kitambaa.

Hapa kwenye thredi, yale meno ya skrubu, ndipo ningependa usimame nami. Swichi za Kijapani zina thredi ya inchi 1/8 yenye meno 28 kwa inchi. Za Kimarekani, na geji nyingi za kuagiza, zina inchi 1/8 yenye meno 27. Ukiziweka mezani pamoja, macho hayaoni tofauti. Ukiingiza ya 27 kwenye tundu la 28, inashika mzunguko mmoja au miwili kisha inakuwa ngumu. Mwenye haraka anachukua spana na kukaza, na kwa kuwa thredi hizi zimechongoka mithili ya kabari, chuma cha pembeni kinapanuka na kupasuka. Kama ni aluminiamu, umeshamharibia mtu injini kwa kitu kidogo kama kidole gumba.

Kwa hiyo naanza kwa vidole vitupu. Naweka swichi kwenye tundu, naizungusha kwanza kinyume, kushoto, taratibu, mpaka niisikie ikidondoka kidogo: meno yamekutana. Hapo ndipo nageuza kulia. Inapaswa kwenda mizunguko mitatu hivi kwa vidole bila kubishana nawe. Ikigoma mapema, itoe uitazame tena. Usiilazimishe.

Gundi ya thredi napaka kidogo kwenye meno mawili au matatu, na jino la mbele kabisa naliacha kavu. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba siitumii. Kipande chake kikikatika kinasafiri na oili hadi kwenye tundu jembamba na kuliziba. Isitoshe, swichi ya waya mmoja inapata ethi yake, njia ya umeme kurudi betri, kupitia thredi hizo hizo, ukizifunika sana unaikatia mawasiliano. Kisha soketi ndefu, na spana ya kupimia nguvu. Injini nyingi ndogo za Toyota zinataka Nm 13 hadi 15, Nm ikiwa kipimo cha nguvu ya kukaza. Ni nguvu ya mkono mmoja, kiwiko kimekaa karibu na mwili.

Wanaotaka geji ya kusoma namba, sikilizeni pia. Sensa na geji lazima ziwe ndugu. Ziko sensa za aina ya VDO ambazo ukinzani wake wa umeme unakwenda kutoka omu 10 hadi 180 presha ikipanda, na ziko za Kimarekani zinazoshuka kutoka 240 hadi 33. Ukizichanganya, mshale utasoma kinyumenyume, na utaendesha gari ukiamini kitu ambacho hakipo.

Na sensa hizo ni nzito. Niliwahi kuletewa pikapu iliyovutwa kwa kamba kutoka njia ya Marereni. Mtu alikuwa amefunga kiungo cha shaba cha njia tatu kwenye bloku, upande mmoja swichi ya zamani, upande wa pili sensa kubwa inaning'inia hewani. Barabara ikaitikisa miezi kadhaa mpaka shaba ikachoka, ikakatika shingoni. Oili yote ikamwagika kwa dakika chache, na dereva hakuiona taa kwa sababu jua lilikuwa likimpiga usoni. Krenki ilikuwa imeshashikana na beringi. Nilimsikitikia sana yule mzee mwenye gari, maana gari lile ndilo lililokuwa likisomesha wajukuu. Tangu siku hiyo sensa nzito naifunga kwenye bodi kwa brakiti, na naiunganisha na injini kwa paipu ya presha inayopinda. Ukifanya hivyo, usisahau kuipa sensa waya wake wa ethi, kwani haigusi injini tena. Waya wa kwenda kwenye dashibodi upite mbali na ekzosi, na unapotoboa ukuta wa kabini weka mpira kwenye tundu.

Jambo la mwisho ni letu sisi wa pwani. Hewa ya chumvi inakula teminali, hasa magari ya upande wa Gongoni kwenye mashamba ya chumvi. Kutu ya kijani ikijaa kwenye teminali ya swichi, taa haiwaki tena hata presha ikifika sifuri. Ndiyo maana nawaomba wateja wangu: kila asubuhi fungua ufunguo, hakikisha birika imewaka kabla ya kupiga stata. Isipowaka, njoo. Mimi nikifunga swichi napaka grisi ya umeme kidogo kwenye soketi ya waya kabla ya kuibana.

Ile Probox niliiwasha, taa ikazima ndani ya sekunde mbili. Ingepita sekunde kumi inawaka ningezima injini. Nikamulika kwa tochi kuona kama inavuja, nikaiacha ipate moto, nikamulika tena, kisha nikazima na kupima oili kwa kijiti. Nikamwomba dereva apite baada ya safari kadhaa. Juzi alipita kabla ya adhuhuri, abiria wakiwa ndani ya gari. Nikapitisha kitambaa cheupe chini ya swichi. Kikatoka na vumbi jekundu la Marafa, oili hakuna.