Hesabu Pumzi Kwanza: Kikohozi cha Mtoto katika Zahanati za Visiwa vya Lamu

Watoto wengi wanaoletwa zahanati na kikohozi, iwe Siyu au Kizingitini kisiwani Pate, wana mafua ya kawaida yatakayoisha yenyewe. Wachache wana nimonia. Kwa kuwatazama tu wote wanafanana: makamasi, joto, mama aliyekesha. Kinachowatenganisha ni kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, wala hakihitaji eksirei. Foleni ikiwa ndefu, kazi hii ndiyo ya kwanza kurukwa. Hapo mwenye mafua hupewa antibiotiki asiyoihitaji, na mwenye nimonia hurudishwa nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi.

Hesabu kabla ya kumgusa mtoto. Kabla ya mizani, kabla ya kipimajoto kwapani, na kabla hata ya kumwambia mama asogee karibu. Mtoto aliyelala mapajani pale kwenye benchi ndiye wa kuhesabiwa sasa hivi, hata kama si zamu yake. Mwombe mama afunue leso na apandishe fulana hadi kifua na tumbo vyote vionekane, kwa sababu mtoto mchanga hupumua zaidi kwa tumbo. Kaa upande wenye mwanga. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Anayehesabu kupanda kisha akahesabu na kushuka hupata maradufu, na mtoto mzima akaitwa mgonjwa. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, maana watoto hawapumui kwa mpangilio sawa, na kosa la pumzi mbili hugeuka kosa la nane. Weka kengele ya simu ilie ikitimia dakika, ili macho yabaki kifuani badala ya kwenda na kurudi kwenye saa. Akilia, akinyonya au akijinyonganyonga, hesabu hiyo imeharibika; mngoje atulie uanze upya.

Mipaka ni hii. Mtoto wa chini ya miezi 2 anahema haraka akifika pumzi 60 kwa dakika au zaidi, naye huhesabiwa mara ya pili kuhakikisha. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya miezi 12, mpaka ni 50. Kuanzia miezi 12 hadi miaka 5, ni 40. Kwa hiyo umri usikisiwe, tazama kadi ya kliniki. Pumzi 44 kwa mtoto wa miezi 11 mwenye kikohozi si haraka. Pumzi hizo hizo 44 kwa mtoto wa miezi 13 ni nimonia, na anaondoka na dawa.

Ukimaliza kuhesabu, usifunike kifua bado. Tazama pale mbavu za chini zinapoishia. Mtoto anapovuta pumzi, sehemu hiyo hutakiwa kutoka nje. Ikibonyea ndani kila anapovuta, mapafu yamekuwa magumu na anatumia nguvu nyingi. Ngozi ya katikati ya mbavu peke yake ikiingia si dalili hii. Kisha tega sikio mdomoni. Sauti nyembamba kama filimbi anapotoa pumzi ni kifua kilichobana: mpe salbutamoli ya kupuliza, dawa ya kufungua njia za hewa, mipulizo miwili kupitia chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni, avute pumzi tatu hadi tano kila mpulizo. Rudia baada ya dakika 15, hadi mara tatu, kisha hesabu tena. Wako wanaoshuka chini ya mpaka papo hapo, na hao hawahitaji antibiotiki.

Mwenye nimonia isiyo na dalili za hatari hutibiwa nyumbani kwa amoksilini ya vidonge vya miligramu 250 vinavyoyeyuka: kimoja mara mbili kwa siku kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, viwili hadi afike miaka 3, vitatu hadi miaka 5, kwa siku 5. Kidonge huyeyushwa katika kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Dozi ya kwanza imezwe mbele yako. Arudi baada ya siku 2 hadi 3, na hapo kinachohesabiwa tena ni pumzi, si maneno ya "amepata nafuu".

Homa pwani ina mambo yake. Kila mwenye homa apimwe malaria, na kipimo kikisema ndiyo huku pumzi ni za haraka, tibu yote mawili. Dawa mseto ya malaria inywewe na chakula au maziwa. Akimeza ya kwanza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni, yaani baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata mpaka zitimie dozi sita. Akitapika ndani ya nusu saa, mrudishie.

Mwenye mafua tu hahitaji zaidi ya kunyonya mara nyingi, vinywaji vya uvuguvugu, na asali ikiwa ametimiza mwaka. Mvuje, ule utomvu wa harufu kali, uliofungwa mkononi hatugombani nao. Samli ya kudondoshea puani tunagombana nayo, kwa sababu huteremka mapafuni na kuleta nimonia ya aina nyingine. Kukata kimeo vilevile: hakuondoi kikohozi, na mtoto huweza kuvuja damu au kupata sumu ya damu.

Wa kupelekwa hospitali mara moja ni asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea asiyeamka vizuri, mwenye mkoromo wa kuvuta pumzi hali ametulia, na ambaye kipimo cha kidoleni kinaonyesha oksijeni chini ya asilimia 90. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa, kifua kinachobonyea sana au pumzi za haraka huingia humo moja kwa moja, hata akionekana mchangamfu.

Hapa ndipo zahanati ya kisiwani inapotofautiana na kituo cha Mokowe, kilicho bara. Maji yakipwa, mlango wa Mkanda, mkondo ulio kati ya Manda na bara, haupitiki, na chombo kitokacho Pate kwenda Lamu hulazimika kuzunguka Manda kwa nje, ambako wakati wa kusi, pepo za kusini, mawimbi ni makubwa. Mtoto aliye mpakani, ambaye mwenye gari karibu angempa dawa na kumwambia arudi kesho, muuguzi wa kisiwa cha Ndau amuamue akitazama pia saa ya maji kujaa. Kama usiku utakuta njia imefungwa, heri aondoke mchana.

Kabla ya kupanda chombo, achomwe dozi ya kwanza ya ampisilini miligramu 50 kwa kila kilo na jentamaisini miligramu 7.5 kwa kila kilo (aliye chini ya wiki moja hupewa pungufu). Anyonye, asiyeweza kunyonya lakini anameza apewe mililita 30 hadi 50 za maji ya sukari, vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyosawazishwa katika mililita 200 za maji safi. Afunikwe leso kavu, nyingine iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu ya kwanza italowa. Kwenye barua andika pumzi ulizohesabu, uzito, na saa aliyochomwa sindano.